Mpishi Mwenye Haya

Njoro,
Jumanne, 16 Septemba 1958

Kwa kaka yangu mpendwa Micah,

Pokea salamu nyingi, nyingi kama ngano iliyosimama mashambani huku Njoro wakati huu, ambayo mtu akipanda kilimani haoni inapoishia. U hali gani huko Makindu? Shemeji hajambo, na watoto? Na ile homa iliyokuwa ikikurudia kila mwezi, je, imekuacha? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imepungua. Asubuhi kuna baridi ya kuuma masikio, lakini ikifika saa nne jua linatoka na watu wanavua makoti.

Habari ya kwanza ni ya furaha. Cheptanui alijifungua salama Jumatatu ya tarehe mosi, mtoto wa kike. Alizaliwa jioni, kwa hiyo jina ni Chepkemboi na hakuna aliyebishana. Ana nywele nyingi na sauti kubwa. Dada yake Chepkurui, ambaye sasa ametimiza miaka sita, anasema mtoto huyu analia kama treni, na kwamba akikua atakuja kufanya kazi na wewe kwenye reli.

Habari ya pili ni kwamba Mama yuko hapa. Alipopata barua ya mtoto hakungoja mtu wa kumsindikiza. Alipanda treni Londiani peke yake, yeye ambaye hajawahi kupanda hata baiskeli, akashuka Njoro siku ya Alhamisi akiwa amekumbatia kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuchacha, kama anayebeba mtoto mwingine. Karani wa stesheni akamwuliza ndani kuna nini. Mama akamwambia aonje. Karani akaonja, na baada ya kuonja akambebea mzigo wake wote mpaka barabarani. Ndivyo nilivyowakuta, Mama mbele, karani nyuma na kofia yake ya kazi na kuku wawili mkononi.

Habari ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae chini na kalamu, nayo ni ndefu. Ni habari ya keki. Usicheke. Soma polepole mpaka mwisho, na kama umesimama, tafadhali tafuta kiti.

Mama alipolala siku moja tu, siku ya pili akasema anataka kuona ng'ombe. Unajua mwenyewe kwa nini. Tangu mwaka wa 1951 wewe ndiye umekuwa ukimsomea barua zangu kila ukienda likizo, na barua hizo zilisema mimi ni nyapara wa ng'ombe wa maziwa katika shamba hili. Nikamwambia asubiri apumzike. Akasema hajachoka. Nikasema kuna matope. Akasema amezaliwa penye matope. Basi jioni nikampeleka kwenye banda wakati wa kukamua.

Pale yuko jirani yetu wa kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, Kemboi, mtu mwema, ambaye alimwamkia Mama kwa heshima zote na kuniita nyapara kwa sauti ya juu. Mama akapita kati ya ng'ombe akiwapapasa mgongo mmoja mmoja. Nami nikaona si vizuri kusimama tu kama mgeni, nikamshika shingoni ng'ombe mmoja mwekundu. Kaka, yule ng'ombe alinitupa kwa kichwa nikakaa matopeni. Wakamuaji wakacheka. Mama hakucheka. Alichukua ndoo, akachuchumaa, akaanza kumwimbia yule yule mwekundu kwa sauti ndogo kama alivyokuwa akiimba tulipokuwa wadogo, na ng'ombe akatulia akatoa maziwa mpaka povu likafika ukingoni. Njia nzima ya kurudi nyumbani alisema jambo moja tu, kwamba nyasi za huku ni nzuri.

Siku zikapita. Mama alikuwa akimpikia Cheptanui uji wa wimbi asubuhi, mchana na jioni, akisimama juu yake mpaka kibakuli kiishe. Juma lililopita, siku ya Alhamisi, Cheptanui akakiweka kibakuli chini na kumwambia Mama kwamba anashukuru sana kwa uji, na mtoto pia anashukuru, lakini kuna kitu kimoja moyo wake unakitaka na akikipata ataweza kunywa uji mwezi mwingine mzima. Anataka keki yenye matunda, kama kile kipande nilichomletea Krismasi kutoka nyumba kubwa ya bwana Mzungu mwenye shamba.

Mama akauliza keki ni nini hasa. Cheptanui akamweleza: ni mkate, lakini si mkate, ni laini hata asiye na meno anaweza kula, ni tamu, na ndani yake kuna matunda yaliyopasuka yakaacha rangi ya zambarau. Mama, ambaye meno yake unayajua, akaonekana kuvutiwa. Akauliza ni matunda gani. Nikamwambia ni ya jamii ya yale mekundu ya miiba, yanayogeuka meusi yakiiva, tuliyokuwa tukiyala wewe na mimi tukichunga mbuzi mpaka tukaumwa tumbo. Mama akasema hayo ameyaona pembeni mwa msitu akitoka stesheni, yamejaa tele na hakuna anayeyachuma. Yeye atayachuma. Kisha akaniuliza nani ataoka.

Nikasema mpishi wa memsabu, mke wa bwana.

Mama akasema vizuri, angependa kumwona mtu huyo akifanya kazi. Nikamwambia haitawezekana kwa sababu mpishi huyo ni mtu wa haya sana, akitazamwa mikono inatetemeka na keki inaharibika. Mama akasema, "Mwanamume mzima?" Nikasema ndiyo, mwanamume mzima. Cheptanui akageukia ukutani na blanketi likawa linatikisika.

Basi tukapanga Jumamosi. Jua lilipochomoza Mama alitoka na Chepkurui pamoja na Wangui, mke wa Karanja anayetunza bustani ya nyumba kubwa, wakapanda kuelekea msituni. Walirudi saa tatu na nusu na kikapu kimejaa, umande ukiwa bado juu ya matunda. Mikono ya Mama ilikuwa imechanwa na miiba na midomo yake ilikuwa myeusi. Chepkurui alisema Bibi alikuwa akila mawili na kuweka moja. Mama hakukana. Nikamwomba aende na Wangui dukani Njoro kutafuta sukari, maana mpishi alikuwa karibu kufika, na kutoka hapa mpaka dukani na kurudi ni mwendo wa saa mbili. Mama akachukua shuka yake akaenda bila swali lolote.

Saa nne mpishi akaja. Alivua koti, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akajifunga kanga ya Cheptanui kiunoni kwa kuwa hakuwa na aproni. Sukari ilikuwepo, ile ya dukani ilikuwa kisingizio tu. Alipiga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zikawa nyeupe kama povu la sabuni, akavunja mayai manne moja baada ya jingine, akachekecha unga wa ngano mara mbili. Beking pauda hakuwa nayo. Ilikuwapo kwenye rafu ya memsabu, lakini hakutaka kuchukua kitu cha memsabu kwa ajili ya keki hii. Alikuwa na magadi kidogo, na magadi yanahitaji maziwa yaliyochacha ili yafanye kazi. Akatazama kibuyu cha Mama kikiwa kimeegemea ukuta. Akakifungua. Akamimina kikombe kimoja cha mursik, na unga ukaanza kupumua kama kitu chenye uhai. Rangi yake ikawa na kijivu kidogo kwa sababu ya ule mkaa unaopakwa ndani ya kibuyu. Mwisho akatia matunda kwa mkono, taratibu, bila kuyaponda.

Jiko la kuokea hatuna. Alichukua sufuria kubwa, akaweka mchanga chini, juu ya mchanga akaweka sufuria ndogo yenye keki, akafunika kwa bati, na juu ya bati akapanga makaa. Halafu akapiga magoti akawa anapuliza na kuyahamisha makaa kwa koleo, hapa mengi, pale machache, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa pua. Harufu ikaanza kutoka. Cheptanui akasema nyuma ya pazia kwamba kama mbinguni kuna harufu, basi ni hii.

Hapo mlango ukafunguka. Mama hakuwa amekwenda dukani. Alikuwa amekaa nyumbani kwa Wangui, mlango wa tatu kutoka kwetu, akinywa chai na kungoja harufu.

Alisimama akamtazama mpishi aliyepiga magoti na kanga kiunoni na unga mpaka kwenye nyusi. Mpishi akageuka. Kaka Micah, mpishi huyo ni mimi.

Mimi si nyapara wa maziwa. Sijawahi kuwa nyapara wa maziwa hata siku moja. Miaka saba hii nimekuwa mpishi wa nyumba kubwa. Navaa kanzu nyeupe na aproni, napika supu, naoka mikate, nasikia kengele ya mezani naitika. Hapa kwenye laini hakuna anayeniita Hezekiah wala Kiprugut, wananiita Mpishi, hata watoto. Siku Mama alipokuja nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba wasiniite hivyo mpaka aondoke. Kanzu yangu niliificha kwenye ghala la kuni, na kila asubuhi nilitoka hapa nimevaa gambuti na kushika fimbo kama mtu wa ng'ombe, nikafika ghalani nikabadilisha, nikaingia jikoni. Kemboi ndiye nyapara. Ile siku ya banda aliniita kwa cheo chake mwenyewe kwa ajili ya kunisaidia, na nilimlipa kwa mkate mzima.

Najua unalotaka kuniuliza. Utasema labda nilikosa kazi nyingine, labda nililazimishwa. Ilianza hivyo. Nilipokuja hapa niliomba kazi ya ng'ombe kweli. Mwezi huo huo mpishi wa zamani, mzee Hiram, akaugua mgongo, na memsabu akaninyooshea kidole kwa sababu mikono yangu ilikuwa safi. Ilikuwa iwe juma moja. Mzee Hiram akanifundisha akiwa amekaa kitini, akinielekeza kwa bakora. Siku ya nne nilitoa mkate kwenye jiko, umepanda, umepasuka katikati, nao unalia kidogo ukiguswa kama mkate mzuri unavyolia, na nikaona furaha ambayo sikuwahi kuiona nyuma ya ng'ombe. Na ukweli wote ni huu, ambao hata Cheptanui nilimwambia mwaka huu tu. Mwaka juzi bwana aliniita akasema kazi ya nyapara iko wazi, niichukue nikitaka. Nilikataa. Nilikuwa na nafasi ya kuufanya uwongo wangu uwe kweli, nikaikataa, kwa sababu napenda kupika.

Niliogopa Baba. Unamkumbuka. Mwanamume kugusa jiko kwake ilikuwa kama kuvaa nguo za mama yake. Nikaandika nyapara katika barua ya kwanza, na barua ya pili ikabidi iifuate ya kwanza. Baba akafa akijua hivyo. Wewe ukawaambia watu wa rika letu, ukanisifu mbele ya wazee siku ya harusi yangu, nami nilikaa pale nikitazama viatu vyangu. Nisamehe kwa hilo. Nimekufanya useme uwongo bila kujua.

Sasa nirudi mlangoni. Mama aliyatazama makaa, akasema, "Kiprugut, makaa ya upande wa kulia ni mengi, itaungua." Nikayapunguza mikono ikitetemeka, kwa hiyo la haya halikuwa uwongo mtupu. Akaketi kwenye kigoda. Akasema yule ng'ombe mwekundu alikuwa amekwisha kumwambia. Ng'ombe wanaoongozwa na mtu miaka saba hugeuza masikio wakisikia hatua zake, na wale hata mmoja hakugeuza. Hapo alianza kujiuliza mwanawe anakula wapi, na aliogopa kwamba labda naiba. Ndiyo sababu hakuniuliza lolote kuhusu ng'ombe siku zote zile. Alikuwa amerudi kutoka bandani na wazo baya moyoni, nami nilikuwa nimemwachia alale nalo.

Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Nilipofika penye kukataa unyapara nililia, sikufichi. Nikasema Baba angeniona aibu.

Hapo Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka Chepkemboi akaamka. Kisha akatuambia jambo ambalo hajapata kumwambia mtu, na akasema nikuandikie wewe hasa, kwa sababu linakuhusu. Ulizaliwa katika mvua kubwa, mto umefurika, Bibi yetu na wanawake wote wakiwa ng'ambo na hakuna wa kuvuka. Mama alikuwa hawezi kusimama. Siku nne, kaka, siku nne nzima Baba ndiye aliyempikia. Alitundika ngozi ya ng'ombe mlangoni ili mtu akipita asione, akapika uji. Mama anasema uliungua chini na juu ulikuwa maji, na katikati ulikuwa na mabonge ya kutafuna. Kila mara Baba alisimama akimtazama akila, akauliza kama ni mzuri, naye akajibu kwamba ni mzuri. Siku ya tano maji yalipopungua, Baba akamwapisha asimwambie mtu. Mama ameshika kiapo hicho mpaka Jumamosi hii. "Na baba yenu," akasema, "watu wakianza kumcheka mwanamume anayepika, alikuwa akiondoka kwenda kutazama ng'ombe."

Nilikumbuka kweli alivyokuwa akiondoka. Nawe utakumbuka.

Keki ilitoka ikiwa imeinama upande mmoja, ule wa kulia, na ukingo wake ulikuwa mweusi. Keki ninazooka nyumba kubwa ni nzuri zaidi kwa macho. Jumapili baada ya kanisa tuliikata mbele ya nyumba. Cheptanui alipata kipande cha kwanza, akala amefumba macho, akalamba zambarau kwenye vidole kimoja kimoja. Aliniambia kwamba miaka saba amenusa mikate ya watu kwenye nguo zangu, na leo ameula wake. Kemboi alikuja, na Karanja na Wangui, na watu wengine wa laini, kila mmoja akapata kidogo cha kutosha kutaka kingine. Mama alikula taratibu, akasimama akauliza nani alifungua kibuyu chake. Nikasema ni mimi. Akasema basi nusu ya keki ni yake, akachukua kipande cha pili. Chepkurui akasema Bibi ana haki kwa sababu matunda pia ni yake. Kwa hesabu hiyo mimi nilibaki na moto peke yake.

Halafu watu wakaanza kunitania, Mpishi hiki, Mpishi kile, wakifurahi kwamba wameruhusiwa tena. Karanja akamwuliza Mama kwa utani kama huko kwetu mtu kama mimi atakubaliwa kuketi na wanaume. Mama akajibu kwamba atauliza kwanza wanaume hao kama wana njaa.

Jana asubuhi nilitoka nyumbani nimevaa kanzu yangu nyeupe tangu mlangoni. Mama aliishika kola akainyoosha, akaniambia niende, nisiwacheleweshee watu chakula chao.

Kaka, kuna watu watakaonicheka nyumbani, hilo najua, na Mama hawezi kumjibu kila mmoja. Wewe nicheke pia ukitaka. Ukikasirika, kasirika, nitaelewa, lakini niandikie. Nakuomba jambo moja tu: utakapokwenda likizo, wale uliowaambia mimi ni nyapara, uwaambie kweli. Sitaki wajue kwa mtu mwingine. Habari ya uji wa Baba, Mama amesema uamue mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye uliyezaliwa siku hizo.

Mama atakaa nasi mpaka mtoto atimize mwezi. Anataka nimfundishe kuoka, na jana ameanza kunielekeza jinsi ya kupanga makaa. Cheptanui anakusalimu sana wewe na shemeji. Chepkurui anauliza kama Makindu kuna matunda ya miiba au ni tembo tu. Wabusu watoto kwa niaba yetu, na Mungu akulinde safarini na kazini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Hezekiah Kiprugut,
mpishi.